Shajara ya mradi: mapigo 32 ya Sol Hoʻopiʻi

11 Januari

Leo nimeanza rasmi. Nachukua gitaa langu la kwanza, lile la mbao nililolinunua nikiwa kidato cha pili, nalilaza mapajani, na najifunza kulipiga kwa kipande cha chuma kama walivyolipiga Wahawaii mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale muziki wa visiwa vyao ulipokutana na jazi ukaanza kuswingi, yaani kuwa na mdundo unaoyumba na kukurusha mguu. Lengo nimelifanya dogo ili lipimike: kipande kimoja cha mpiga gitaa Mhawaii, Sol Hoʻopiʻi, mapigo 32 tu (pigo moja hapa ni kuhesabu moja hadi nne), kutoka santuri yake ya "Farewell Blues". Nimejipa mpaka mwisho wa Aprili.

Mimi hupiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Tanga. Riziki yangu ni harusi, mahafali na Jumapili za hotelini. Usiku mmoja mwaka jana, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na Sol. Nilikaa kitako. Gitaa lake lilikuwa linazungumza: linauliza, linakatiza, linacheka, kisha linanyamaza katikati ya neno na bado mguu wako unaendelea kupiga chini. Nilirudia kusikiliza mpaka alfajiri, na tangu siku hiyo sijatulia.

Alizaliwa Honolulu mwaka 1902. Mwaka 1919, kijana mdogo tu, alizamia meli ya Matsonia akashukia San Francisco, na baadaye Los Angeles ndiko alikojenga jina, akiwa na kikundi cha watu watatu pamoja na Glenwood Leslie na Lani McIntire. Ukisikiliza santuri zao unasikia wazi kwamba walikuwa wakisikiliza wapiga tarumbeta na klarineti wa jazi usiku na mchana. "Farewell Blues" yenyewe imetoka kwa vijana wa jazi waliokuwa wakipiga Chicago, wala haikutungwa visiwani. Sol aliichukua akaitia kwenye nyuzi sita na chuma kimoja.

18 Januari

Kazi ya kwanza ilikuwa kunyanyua nyuzi. Gitaa la kawaida nyuzi zake ziko karibu na shingo ili kidole kizikandamize. Hapa hakuna kukandamiza. Chuma kinaelea juu ya nyuzi, na kikigusa freti, vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa kwenye shingo, unasikia mkwaruzo wa kutia ganzi meno. Wanaouza vifaa wana kidaraja kirefu cha kuvika juu ya kile cha asili mwanzoni mwa shingo. Mimi nimetumia bolti. Nimekata kipande chenye urefu sawa na upana wa shingo, nikakipitisha chini ya nyuzi, na meno yake yakawa njia za kuzishika zisitembee. Sasa nyuzi ziko kama milimita 10 juu ya mbao na zimelala sawasawa, jambo ambalo ni muhimu kuliko kimo chenyewe: uzi mmoja ukizama kidogo, chuma kitaugusa kwa shida na utalia kama nzi kwenye chupa.

Freti zimebaki, ila sasa ni alama za macho tu, kama mistari ya barabarani.

25 Januari

Leo nimepata chuma.

Nilikuwa nikitumia glasi ndogo ya kahawa kwa majaribio, lakini nyepesi mno. Sauti yake nyembamba na inakufa upesi. Nikaenda kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kukerezea, mzee ambaye kazi yake ya kila siku ni shafti za pampu na bushi za magari. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nataka kipande cha chuma kisichoshika kutu, unene milimita 19, urefu sentimita 7, ncha moja iwe mviringo kama yai."

"Marahaba. Cha nini, mwanangu?"

"Cha kupigia gitaa."

Akanitazama, akazima mashine. Nikamwekea Sol kwenye simu. Alisikiliza wimbo mzima bila kusema neno, mkono juu ya ile mashine, halafu akauliza jambo moja tu: "Huyu chuma chake kinang'aa au kina mikwaruzo?" Nikamjibu kinang'aa kama kioo, maana mkwaruzo wowote unasikika juu ya uzi. Akakikereza, kisha akakaa nacho karibu saa nzima akikisugua kwa msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini wa kusuguliwa na maji, na mwisho kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia. Nilipokipima dukani kwa jirani, mizani ilisoma gramu 155. Kimetulia mkononi kama jiwe la mtoni.

Njiani nilikuwa namfikiria Joseph Kekuku. Ndiye Wahawaii wengi wanayemtaja kuwa baba wa upigaji huu: kijana wa Lāʻie, kisiwa cha Oʻahu, aliyesoma Kamehameha School for Boys miaka ya 1880 na 1890. Inasimuliwa kwamba alianza kwa vitu vya hivi hivi, kitana na mgongo wa kisu, mpaka akajitengenezea chuma laini katika karakana ya shule. Mwaka 1904 akaondoka visiwani, akazunguka Marekani na baadaye Ulaya akipiga. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yalipowaleta wanamuziki wa Hawaii mbele ya umati wa Wamarekani, gitaa la mapajani likawa jambo la kila mji. Kwa hiyo mzee wangu wa leo, na mikono yake ya grisi, yuko kwenye ukoo huo.

1 Februari

Kutyuni, yaani kupanga sauti za nyuzi. Hapa nimepata hasara.

Chuma kimenyooka, hivyo ukikilaza juu ya nyuzi zote unapata freti moja tu kwa zote. Maana yake nyuzi zikiwa wazi lazima tayari ziwe kodi, yaani sauti kadhaa zinazopatana zikilia pamoja. Wahawaii wa wakati wa Sol walipenda kodi ya A (herufi hizi ni majina ya sauti): kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, E, A, C#, E. Ukilinganisha na gitaa la kawaida, nyuzi tatu za kati unazivuta juu sauti moja nzima, sawa na freti mbili, kila moja. Kwa masikio ni kidogo. Kwa mbao ni mzigo: ukipandisha uzi uleule sauti moja nzima, mvutano wake unaongezeka kwa karibu asilimia 26. Mimi nilivuta tu. Uzi wa nne ulikatika ukanichapa kifundo cha mkono, na nilipoinamia gitaa nikaona daraja la chini, lile linaloshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, limeanza kunyanyuka, unaweza kupitisha ukucha kati yake na ubao.

Nimelirudisha kwa gundi na vibanio viwili, limekaa siku mbili bila kuguswa. Sasa nimehamia G: D, G, D, G, B, D. Mpangilio ni uleule kabisa, ila kila kitu kimeshuka sauti moja, na badala ya kuvuta nyuzi tatu unalegeza tatu. Gitaa limepumua.

Anayetaka kujaribu nyumbani kwa gitaa la mbao, aanze na G. Magitaa ya Sol yalikuwa mambo mengine. Lake maarufu la miaka ile ni National la resoneta lililotoka 1927, mwili wote wa chuma, na ndani yake vikombe vitatu vyembamba vya alumini vinavyotetemeka kama spika. Lilibuniwa ili gitaa lisikike ukumbini kabla umeme haujafika. Ukilivuta nyuzi halitetereki.

9 Februari

Wiki nzima ya mkono wa kushoto. Nilidhani miaka yangu ya solo ingenisaidia. Imenisaidia masikio tu. Mkono umerudi chekechea.

Jambo la kwanza, unapiga juu ya freti yenyewe, siyo nyuma yake kama tulivyozoea. Ukikosea milimita mbili, sauti imekengeuka na kila mtu chumbani amejua. Jambo la pili ni mtetemo: chuma kinasogezwa mbele na nyuma ya ile sauti, kwa kifundo, kidogo na kwa utulivu. Wanaoanza hutetemesha kila sauti kwa sababu inaficha makosa. Sol huacha sauti nyingi zikiwa zimenyooka, na anayeacha sauti imenyooka anakuambia amefika pale alipokusudia kufika.

16 Februari

Kukilaza chuma mshazari. Hili ndilo limenipa usingizi mtamu wa uchovu wiki hii, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Chukua nyuzi mbili nyembamba, B na D. Chuma kikiwa kimenyooka, umbali kati ya sauti zake mbili haubadiliki popote uendapo: ni tatu ndogo, yaani umbali wa freti tatu. Lakini ukitaka kupanda ngazi ya G kwa sauti mbili mbili, kama waimbaji wawili wanaokwenda pamoja, baadhi ya hatua zinataka tatu kubwa, yaani freti nne. Hapo unageuza ncha ya chuma, ile iliyo upande wa mbali nawe, ielekee daraja la chini, ili uzi wa kwanza uguswe freti moja mbele ya uzi wa pili.

Ngazi yenyewe inakwenda hivi. Wazi, B na D, chuma hakijagusa. Kisha mshazari, freti ya 1 kwenye uzi wa pili na ya 2 kwenye uzi wa kwanza: C na E. Mshazari tena, 3 na 4: D na F#. Nyoosha, freti ya 5: E na G. Nyoosha, ya 7: F# na A. Mshazari, 8 na 9: G na B. Nyoosha, ya 10: A na C. Nyoosha, ya 12, umefika nyumbani.

Kwenye karatasi ni rahisi. Shida ni kwamba freti hazina nafasi sawa. Kwenye gitaa langu, lenye nyuzi za sentimita 65, kati ya freti ya 1 na ya 2 kuna milimita 34 hivi. Kati ya 8 na 9 kuna 23 tu. Kwa hiyo ule mshazari wa chini ni wa kulala sana, na wa juu ni wa kusimama, na mkono lazima ujue tofauti hiyo gizani. Kidole gumba ndicho kinachosukuma kisigino cha chuma, na cha shahada kinakaa juu ya ncha. Siku ya nne nilikuwa naangusha chuma kila mara ya tatu. Leo nimekipandisha na kukishusha mara 20 bila kukiangusha, taratibu kama mtu anayebeba uji wa moto.

Binti wa dada yangu, anayekaa nasi, alisimama mlangoni akasema, "Mjomba, sasa hiyo inafanana na wimbo." Nimeandika hapa kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mtu kusema hivyo.

17 Februari

Maneno ya binti wa dada yangu yamenirudisha nyuma. Sauti hii ya kuteleza si ngeni kwa watu wa pwani. Mama yangu, nilipompigia, alisema moja kwa moja: "Hii ya filamu za Kihindi." Na kweli. Gitaa la Hawaii lilifika India mapema likapendwa mno. Tau Moe, mpiga gitaa aliyekulia Hawaii, aliishi Calcutta na familia yake miaka ya 1940, akipiga na kufundisha, na baadaye Van Shipley akaliingiza gitaa la umeme la namna hii kwenye muziki wa filamu. Filamu hizo zikaja kwenye sinema zetu. Hivyo mama amekuwa akiisikia Honolulu kwa kupitia Bombay miaka yote hii.

2 Machi

Nimeanza kukinakili kile kipande. Natumia programu ya simu inayopunguza kasi bila kushusha sauti, na bado kuna jambo la santuri za kale: mashine za kurekodia hazikuwa na mwendo mmoja, kwa hiyo unachokisikia leo kinaweza kuwa katikati ya funguo mbili. Nilihangaika nusu saa nikidhani masikio yangu yameharibika. Dawa ni kulinganisha santuri na gitaa kwa masikio, usiifuate mashine ya kutyunia. Nimeishusha rekodi nzima sauti moja na kidogo ili ikutane na G yangu.

Nakala ya mapigo 8 ya kwanza imekamilika. Vidole vinafika. Haiswingi.

8 Machi

Bado haiswingi. Sauti zote zipo mahali pake, chuma kinateleza vizuri, na ukisikiliza ni kama mtu anayesoma barua ya mapenzi kwa sauti ya karani.

15 Machi

Nimeipata, na ninaandika haraka kabla sijasahau ilivyotokea.

Nilikuwa nimeweka kasi robo tatu, nasikiliza kipande cha mapigo mawili tu, nikakiweka kijirudie. Nilikuwa nikisikiliza mwanzo wa kila sauti, anaingiaje, anateleza kutoka wapi. Ndiyo kawaida yetu sisi wa dansi: gitaa la solo linamwagika, sauti moja inaingia ndani ya nyingine, na uzuri uko kwenye mtiririko. Leo kwa uchovu nikaanza kusikiliza mwisho wa kila sauti. Na mwisho wa kila sauti ya Sol kuna kisu. Anaizima. Sauti ndefu anaiacha iishe kabla ya pigo linalofuata, na ile fupi anaiua papo hapo, na ule upenyo mdogo uliobaki ndiko gitaa la kusindikiza linakoingia na kusikika. Mguu wangu ulikuwa ukiruka kwa sababu ya hizo nafasi tangu usiku ule wa kwanza.

Kwa mkono inafanyika hivi. Mkono wa kulia una kucha ya plastiki kwenye gumba na za chuma kwenye vidole viwili. Ukishapiga uzi, ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, unashuka juu ya nyuzi na kuzizima, halafu unanyanyuka kwa sauti inayofuata. Unapiga, unazima, unasogeza chuma kwenye kimya, unapiga. Ukisogeza chuma kabla ya kuzima, unasikika ukivuta mkokoteni. Ukitaka kuteleza kusikike, unauacha mkono juu kwa makusudi. Kwa hiyo kuteleza kunakuwa jambo la kuchagua, kama chumvi. Mkono wa kushoto nao una kazi yake: kidole cha pete na cha mwisho vinaburutwa nyuma ya chuma, vikilala kwenye nyuzi, ili upande ule wa nyuma usilie.

Mazoezi ya leo, saa mbili: uzi mmoja, freti ya 5 na ya 7, kuzima kila sauti. Hakuna kingine.

29 Machi

Kidole cha mwisho cha kulia kimevimba kidogo, nimepumzika siku tatu. Nimetumia muda huo kusikiliza kilichofuata baada ya Sol wa santuri za mwanzo.

Mambo yaligeuka kwa umeme. Kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa Rickenbacker ilianza kuuza mwaka 1932 gitaa dogo la alumini, mviringo na mkia, ambalo watu waliliita kikaango. Ndilo gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni, na lilitengenezwa kwa ajili ya kulazwa mapajani. Ninapenda kuwakumbusha wenzangu kwenye bendi jambo hili: gitaa la umeme tunalolisimamia jukwaani lilizaliwa kwa ajili ya Wahawaii. Januari 1935, Bob Dunn aliingia studio ya Chicago na bendi ya Milton Brown ya Texas, akapiga gitaa la chuma lililounganishwa na spika kana kwamba ni trambone, sauti fupi fupi za kukoroma zilizokatwa kwa nguvu. Mwaka 1936 Louis Armstrong alirekodi na kundi la Andy Iona, Mhawaii mwenyewe. Sol naye alihamia umeme katikati ya miaka hiyo ya 1930, na alikuwa ameshapata kutyuni kwake mwenyewe: B, D, E, G#, C#, E, ambamo kuna kodi tatu nne zimejificha na mshazari haupumziki. Mwaka 1938 aliiacha njia ya klabu na filamu akaingia kwenye uinjilisti, akiwa na gitaa lake, mpaka alipofariki 1953.

Nilijaribu kutyuni huko jioni moja. Uzi wa sita lazima uondolewe, uweke wa tano uuvute mpaka B. Mahali pa wa tano unakaa wa nne, na wa nne mwingine unapandishwa E. Kodi zake ni tamu mno, zina rangi ya machweo. Lakini kipande changu ni cha kutyuni kule kwa zamani, nikarudi G. Huu utakuwa mradi mwingine.

Nasema pia ninalolihisi: napenda zaidi santuri za kabla ya umeme. Umeme unakupa sauti ndefu bure, na anayepewa sauti ndefu bure hana haraka ya kuchagua itakapoishia. Kwenye lile gitaa la vikombe vya alumini Sol alikuwa na muda mfupi kwa kila sauti, na unasikia alivyoutumia wote.

13 Aprili

Mapigo 24 yamekaa. Yale manane ya mwisho yana zile sauti za kengele: chuma kinakaa freti fulani, na ukingo wa kiganja cha kulia unagusa uzi kidogo tu freti 12 mbele yake huku gumba likiupiga, kisha kiganja kinatoka mara moja. Ikikubali, inalia juu kabisa, safi, kama kijiko kwenye glasi. Kwangu inakubali mara sita katika kumi. Umbali wa freti 12 unabadilika kila chuma kinapohama, hivyo mikono miwili inatembea kwa hesabu tofauti kwa wakati mmoja. Nimeweka vijialama vya chaki kwenye ubao wa gitaa.

27 Aprili

Nimerekodi. Mpiga ridhimu wa bendi yetu alikuja nyumbani baada ya chakula cha mchana, nikamwomba apige kodi nne kavu kwa kila pigo, kila kodi aizime mara tu anapoipiga. Alishangaa, maana huwa hatupigi hivyo, lakini baada ya dakika kumi alikuwa ameshakolea na tukawa tunaachiana zile nafasi kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Tumechukua mara 14. Ya tisa ndiyo bora. Kasi ni robo tatu ya Sol, kengele moja imekosa, na kwenye pigo la 19 chuma kimegusa bolti. Lakini kati ya pigo la 9 na la 16 inaswingi. Nimeisikiliza kwa spika, kwa simu, na kwa redio ya gari la rafiki yangu, na kote inaswingi.

Jioni nimempelekea yule mzee wa mashine ya kukerezea. Alisikiliza, akaomba arudishiwe mwanzo, akasikiliza tena. Akakichukua chuma mkononi mwangu, akakigeuza kwenye mwanga, akaonyesha mkwaruzo mmoja karibu na ncha ambao mimi sikuwa nimeuona. "Kiache hapa mpaka kesho," akasema.